Barua kwa Shabani: nani anaendesha?

Dayton, Ohio
Jumapili usiku

Kaka Shabani,

Asalaam aleikum. Huku tuko wazima, baridi tu ndiyo inayotutesa. Shemeji na watoto hawajambo?

Juzi nilipokurushia ile picha ulicheka mpaka nikamsikia na kijana wa gereji nyuma yako anacheka. Ukasema, "Hizo si ndege mbili zimegongana zikagandana?" Kisha ukaniuliza swali ambalo sikulijibu sawasawa kwa sababu nilikuwa naitwa kwenye mizani: hapo nani anaendesha? Leo nina mapumziko ya siku mbili, chai iko mezani, acha nikujibu kwa kituo.

Ndege hiyo inaitwa F-82 Twin Mustang. Iko kwenye makumbusho ya jeshi la anga la Marekani hapahapa Dayton. Kiingilio bure, na ndiyo sababu tulikwenda, nisikudanganye. Nilikuwa na mwenzangu wa kazi, yule Mkongo wa Bukavu tunayepokezana naye usukani. Alipoiona tu akasimama, akapiga kofi la mshangao: "Hii ni mapasa!" Na kweli ni mapacha. Viwiliwili viwili, kila kimoja na pua yake, propela yake na chumba chake cha rubani, halafu bawa fupi katikati linaviunganisha, na nyuma ubao mmoja umelala kutoka mkia huu hadi mkia ule.

Aliyeibuni ni Edgar Schmued wa kampuni ya North American, mtu yuleyule aliyechora Mustang ya kawaida, ile ndege ya kivita ya injini moja na rubani mmoja. Wakati ule wa vita na Japani, Wamarekani walikuwa na ndege za mabomu za B-29 zinazokwenda mbali mno juu ya Pasifiki, na za kivita za kuzisindikiza hazifiki, au zikifika rubani yuko hoi. Fikiria wale wa Mustang waliokuwa wakitoka kisiwa cha Iwo Jima mwaka 1945 kwenda Japani na kurudi: saa saba, saa nane, umefungwa mkanda kwenye kiti kimoja, chini bahari tupu, huwezi kunyoosha mguu wala kuegesha ukajimwagie maji usoni. Wengine wakitua ilibidi washikwe mikono kutolewa kwenye kiti. Wewe unaijua hali hiyo. Unakumbuka nilivyoshuka pale Tunduma mara ya kwanza, magoti yamekataa, nikaishia kukaa kwenye tairi?

Dawa ya Schmued ilikuwa ileile ya matajiri wetu: weka madereva wawili. Ila hakuwaweka kwenye kabini moja. Alichukua umbo la Mustang, akalirefusha kama mita moja na nusu nyuma ya rubani, akalifanya mara mbili.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: wanaendesha wote, kwa zamu. Wa kushoto ndiye dereva kamili, saa zote na vipimo vyote viko mbele yake. Wa kulia ana usukani na pedali, lakini vipimo vyake ni vichache, vya kumtosha kushikilia safari mwenzake apumzike. Ni kama tingo mwenye leseni.

Mwanzoni kabisa, mwaka 1945, ndege yenyewe ilikataa kupaa. Rubani anaikimbiza kwenye njia, injini mbili zinaunguruma, nguvu ipo, mdude hauinuki. Wakakuna vichwa kwa wiki kadhaa. Shida ikaonekana ni mzunguko wa propela. Walizipanga moja izunguke huku na nyingine kule, jambo zuri, lakini zikikutana upande wa katikati mapanga yalikuwa yanapanda juu. Upepo uliotoka hapo ulilivuruga lile bawa la katikati, bawa likawa mzigo badala ya kubeba. Na suluhisho? Injini ya kushoto ikahamishiwa kulia, ya kulia ikaja kushoto, sasa mapanga yakawa yanashuka katikati. Ikapaa. Niliposoma hivyo nilikukumbuka wewe na ubishi wako wa kuhamisha matairi upande huu na huu kabla hatujanunua mapya.

Sasa, ilikuwaje kukaa humo?

Jambo la kwanza, hukai katikati ya chombo chako. Utasema hata sisi hatukai katikati, sawa, lakini lori halilali ubavu (likilala ni habari nyingine). Ndege ikilala inazungukia mstari wake wa katikati, na kwenye Twin Mustang mstari huo unapita kati ya viwiliwili viwili, mahali ambapo hakuna mtu. Rubani wa kushoto akiilaza kulia, yeye ananyanyuliwa na mwenzake anazama. Akiilaza kushoto, anazama yeye na mwenzake anapanda, kama watoto wawili kwenye ubao wa pembea. Kwenye Mustang ya kawaida rubani anageuka palepale alipo kama nyama kwenye mshikaki. Huku tumbo lazima liwe na habari.

La pili, upande wako wa kulia kuna ndege nzima. Kushoto unaona dunia yote, kulia unaona pua, propela inayozunguka, na kichwa cha mwenzako ndani ya kioo. Ikiwa ardhini, mkia uko chini na pua imeinuka, mbele huoni kitu, nayo ile pua ya pili inakula nusu ya kilichobaki. Nilisimama mbele yake nikajaribu kupiga hesabu ya kuipitisha kwenye geti la yadi. Nikaacha.

Lakini ilikuwa na raha yake. Mustang ya injini moja, ukikanyaga moto wakati wa kupaa, inavutwa kushoto na nguvu ya propela, na mguu wa kulia unafanya kazi ya punda kuinyoosha. Hii, kwa kuwa propela zake zilizunguka kwa kupingana, zilifutana nguvu. Ilikwenda wima kama mshale. Tani 11 na ushei ikijazwa kila kitu, mzigo wa Fuso huo, na bado zile za mwanzo, zenye injini aina ya Merlin, zilikuwa zinapita kilomita 770 kwa saa.

Vita na Japani vikaisha kabla haijapelekwa huko. Na hapo ndipo ile niliyokupigia picha inapoingia. Ubavuni imeandikwa "Betty Jo", jina la mke wa rubani, maana hata hao wana mambo ya kuandika magari yao. Rubani ni Robert Thacker, na Hawaii aliijua kwa ubaya: tarehe 7 Desemba 1941 alikuwa analeta ndege kubwa ya B-17 kutua pale, akakuta Wajapani ndio wanapiga mabomu, akatua vilevile. Basi mwaka 1947, mwezi Februari, akaondoka Hawaii hiyohiyo, yeye kushoto na John Ard kulia, wakaenda New York bila kutua popote. Kilomita 8,129, saa 14 na dakika 32. Kaka, hiyo ni Dar hadi Lubumbashi kwenda na kurudi, halafu uende na kurudi tena, bila Kitonga, bila foleni ya Nakonde, bila mtu wa Kasumbalesa kukuambia mtandao uko chini. Mpaka leo hakuna ndege ya kivita ya propela iliyowahi kwenda mbali kuliko hapo kwa mruko mmoja.

Mafuta walibeba karibu lita 6,900, sehemu kubwa kwenye matangi manne yaliyoning'inizwa chini ya mabawa. Desturi ni tangi likikauka unalidondosha, lisikuvute upepo. Walipotua New York, matatu yalikuwa bado yananing'inia, matupu. Mwenzangu Mkongo alicheka sana hapo. Nikamwambia saa ya 12 barabarani hata wewe husahau kuzima taa za dharura.

Thacker alifariki mwaka 2020, akiwa na miaka 102.

Baadaye kiti cha kulia kilibadilishwa kazi. Zikatengenezwa Twin Mustang za kupigana usiku, na huko aliyekaa kulia hakuwa na usukani tena, alikuwa mtu wa rada. Rada yenyewe iliwekwa kwenye pipa refu jembamba, likafungwa chini ya bawa la katikati, likachomoza mbele kupita propela ili mapanga yasiizibe. Yule mtu anainamia kioo chake gizani na kumwelekeza rubani kwa sauti tu, kwenye spika za masikioni: kushoto, kushoto kidogo, shuka, nyoosha, yuko mbele yako. Wewe ndivyo ulivyokuwa unanirudisha nyuma pale bandarini usiku. "Njoo, njoo, kata, njoo, weka!" Tofauti ni kwamba wewe ulikuwa na tochi na ulikuwa unanitukana.

Hao ndio waliotoka Japani kwenda Korea vita ilipoanza. Tarehe 27 Juni 1950 walikuwa wanalinda ndege zinazookoa raia kutoka uwanja wa Kimpo, karibu na Seoul, mchana kweupe. Zikaja ndege za Korea Kaskazini. William Hudson alikuwa kushoto, Carl Fraser wa rada kulia. Hudson akaifuata moja kwa karibu, akafyatua zile rashasha sita zilizopangwa kwenye bawa la katikati, ikawaka. Rubani wa ndege hiyo ya Kaskazini akatoka akasimama kwenye bawa, akageuka kumsemesha mwenzake wa kiti cha nyuma, kisha akaruka na mwavuli. Yule wa nyuma hakuruka. Fraser muda wote huo alikuwa anahangaika na kamera iliyogoma. Hiyo ndiyo ndege ya kwanza Wamarekani kuiangusha angani katika vita vile, na siku hiyohiyo Twin Mustang zikaangusha mbili zaidi.

Habari ya yule wa nyuma haijanitoka, sijui kwa nini nakuandikia.

Kuhusu injini nitakuambia kwa kifupi kwa sababu utakasirika. Merlin ilikuwa ya Waingereza, inatengenezwa Marekani kwa leseni. Vita vilipoisha wakaona kulipia leseni ni hasara, wakafunga Allison ya nyumbani. Matokeo yake ndege zile za mwanzo, zilizoishia kufundishia wanafunzi, zikawa na mbio kuliko zile za vita zilizokuja baadaye, na mafundi wakawa wanasumbuka na plagi zinazochafuka kila siku. Ukiona mtu anabana pesa kwenye pampu, mpelekee hadithi hiyo.

Zilitengenezwa 270 na kitu tu, za mwisho zikastaafu Alaska mwaka 1953. Zimebaki tano. Mojawapo, ya majaribio kabisa, vipande vyake vilikuwa vimelala kwenye shamba la Walter Soplata hapahapa Ohio, mzee aliyekuwa anaokoa ndege zisikatwe chuma chakavu, anazirundika uani kwake. Fundi Tom Reilly akaichukua, akaishughulikia kama miaka kumi huko Georgia. Tarehe 31 Desemba 2018 rubani Ray Fowler alipanga kuikimbiza tu kwenye njia, kuijaribu breki na mwendo. Ikaruka yenyewe. Njia iliyobaki haikutosha kusimama, basi akaenda nayo, akazunguka dakika chache akarudi. Mwaka 1945 haitaki kupaa, 2018 haitaki kubaki chini!

Kabla hatujatoka makumbusho nilikaa kwa muda nikiangalia vile vioo viwili. Usiku ule wa Mikumi, nilipoanza kuvuka mstari na tembo wako mbele, wewe hukusema neno. Ulinipiga kofi la bega. Hao wawili walikuwa wanaonana saa 14, uso kwa uso kama mimi na jirani dirishani, na hakuna ambaye mkono wake ungemfikia mwenzake. Mkongo wangu naye analala kitanda cha nyuma, pazia limefungwa. Nimemwambia aliache wazi.

Nitumie picha ya ile semi yetu, kama bado hawajaikata chuma chakavu. Nakumbuka mlango wa kulia tuliuandika jina la mama yako.

Ni mimi nduguyo,
Hamisi