Katherina alikonyeza, hakufugwa

Ndugu Mhariri,

Nilifurahi kuona makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu filamu ya The Taming of the Shrew (yaani kumfuga mwanamke mkorofi) ya mwaka 1929, maana filamu za zama hizo hazikumbukwi na wengi. Ila mwandishi wenu ameihukumu kwa ile hotuba ya mwisho, na nadhani aliisikiliza tu, hakuitazama. Anasema Hollywood ilichukua komedi ya Shakespeare ikaigeuza somo la kumtia mke adabu. Hapo tumeachana.

Karamuni, Katherina, yaani Mary Pickford, anasimama kueleza kwa nini mke amtii mumewe. Petruchio, yaani Douglas Fairbanks, anasikiliza huku kichwa kimemvimba kwa kusifiwa. Katikati ya utii wote huo Katherina anamkonyeza mdogo wake Bianca. Mara moja tu. Mume haoni kitu. Bianca ameona, anatabasamu. Nilipoitazama na dada yangu, aliniambia, "Hebu rudisha nyuma kidogo," akacheka kuliko alivyocheka filamu nzima. Kiingereza cha Shakespeare hakikumshughulisha hata kidogo.

Tena jicho lile halikuanguka tu kutoka mbinguni. Katika tamthilia, Petruchio huwaeleza watazamaji peke yao mbinu yake ya kumnyima mke chakula na usingizi mpaka alainike. Mwongozaji Sam Taylor amemfanya amweleze mbwa wake, Troilus, pale mezani, na Katherina yuko juu anasikia kila neno. Tangu hapo nani anamchezea nani? Baadaye anampiga mumewe kigoda cha kichwa, anamwona amelegea, anamwonea huruma, na mjeledi wake anautupa motoni. (Wote wawili wana mijeledi, jambo ambalo makala haikulitaja.) Mtu aliyeuacha mjeledi kwa hiari yake huwezi kusema amefugwa.

Mwandishi amerudia pia ile hadithi kwamba mwanzoni mwa filamu paliandikwa kuwa Sam Taylor ameongeza maneno kwenye maandishi ya Shakespeare. Ni utani mtamu, lakini nakala inayotazamwa leo haina maandishi hayo. Kwamba tamthilia imekatwa, ni kweli: filamu ni ya saa moja na dakika chache, na mlevi Christopher Sly wa mwanzoni mwa tamthilia ameachwa nje kabisa. Lakini mwigizaji David Garrick alishaikata huko London mwaka 1754, na watu wakaendelea kuicheza hivyo hivyo jukwaani kwa miaka mingi.

Nampa mwandishi haki yake kwenye suala la sauti. Filamu za kuzungumza zilikuwa bado changa, hii ikiwa ya kwanza ndefu ya Shakespeare yenye maneno ya kusikika, na Fairbanks anacheka kwa kishindo utadhani analipwa kwa kila kicheko. Pickford naye hakuipenda kazi hii. Katika kumbukumbu zake anasimulia upigaji picha wa filamu hii kwa uchungu. Walikuwa mume na mke tangu 1920, na hii ndiyo filamu pekee waliyoigiza pamoja kama wahusika wakuu. Mwaka 1936 waliachana. Ukishajua hayo, ule uso wa karamuni unakuwa mgumu zaidi kuusoma, nami sidai kuwa nimeumaliza.

La mwisho, Mhariri, picha mliyoiweka juu ya makala ni ya Elizabeth Taylor. Hiyo ni filamu nyingine, ya Franco Zeffirelli, ya mwaka 1967. Pickford ni yule mwenye mjeledi.

Msomaji wenu,
Tanga