Mamangu, msomee Ami Salim barua hii

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, joto tu, nalo nimelizoea.

Ile sauti ya dakika sita aliyonitumia Ami Salim nimeisikiliza mara mbili, na mara ya pili ilibidi niketi. Ati mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ati nimefika Doha nimeota mbawa, sitaki mdogo wangu Omari naye afike. Na nasikia maneno hayo aliyasema arusini kwa Mwanakombo, watu wanakula! Basi naomba umsomee barua hii mpaka mwisho, asikukatize.

Hizo laki moja na nusu anazotaka nimlipie Omari kwa ajenti wake, sitatuma. Pesa zipo, sitaki kudanganya. Lakini ile "viza ya kazi" ya Omari nimeitazama picha yake vizuri: ni viza ya matembezi. Huyo ajenti anamwambia aingie kwanza, mengine yatatengenezwa hukohuko. Atakayeshikwa akifanya kazi kwa karatasi hiyo ni Omari. Ajenti atakuwa yuko Likoni anakunywa kahawa.

Viza ya kazi huombwa na tajiri wa huku, kwa jina la kampuni. Ukishafika unapimwa damu, unapigwa picha ya kifua wakitafuta TB, unachukuliwa alama za vidole, ndipo upewe kitambulisho cha ukaazi. Halafu ule mkataba aliopewa umeandikwa mshahara wa riyali 800. Tangu Machi 2021 sheria ya Qatar haikubali chini ya 1,000, na kama kampuni haikulazi wala haikulishi, inaongeza 500 za malazi na 300 za chakula. Aliyeandika karatasi ile hata kudanganya hajajifunza.

Na hata huko kwetu Kenya kuna sheria, Ami asidhani ni maringo ya Uarabuni. Mkataba wa kazi ya nje lazima uthibitishwe na afisa wa leba. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ajira ya 2007. Na ajenti awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Je, huyu kasajiliwa? Nilimuuliza Omari, akaniambia ni rafiki wa Ami. Sikujua kama huo nao ni usajili.

Mama, mimi haya sikuyasoma kwa kupenda kusoma, wanijua. Kampuni yangu ya kwanza walituchukulia pasipoti siku tuliyoshuka, wakazifungia kwenye droo ya manija. Nikakaa hivyo muda. Kumbe sheria ya huku ya 2015 inasema makaratasi ya ukaazi yakishakamilika, tajiri akurudishie pasipoti yako, isipokuwa wewe mwenyewe umemwandikia akuwekee. Nilimwendea manija nikamsomea kwenye simu, mstari kwa mstari. Alicheka. Wiki ya pili yake akanipa, tena bila kunitazama usoni.

Zamani huku hukuweza kumwacha kafili, yaani tajiri aliyekudhamini, bila barua yake ya ruhusa. Mwaka 2020 wakaiondoa. Nikapeleka maombi wizarani, nikatoa notisi ya mwezi mmoja kwa kuwa nilikuwa sijatimiza miaka miwili, nao mwezi wenyewe niliumaliza nikisengenywa kila mlo. Ujumbe wa wizara ulipoingia kwenye simu nilikuwa kitandani. Niliruka nikagonga kichwa kwenye kitanda cha juu! Sasa ni msimamizi wa stoo ya hoteli, watu wanane chini yangu. Mimi, Bakari, niliyekuwa nikipigwa kwa sababu ya hesabu, leo wananiletea hesabu zao niwasahihishie. Hilo Ami halitangazi arusini.

Mwaka wa kwanza nilikuwa kazi za juani. Toka tarehe 1 Juni mpaka 15 Septemba ni marufuku kufanyisha watu kazi juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu. Saa zilizobaki hazijapigwa marufuku. Tuyaache hayo.

Juzi nilinunua nazi dukani. Kuivunja, kavu, inanuka kama mafuta ya taa. Niliishika tu mkononi nikakaa. Ule mbuzi wako wa kukunia bado uko, au Mwanakombo amekwenda nao kwake?

Omari nitamleta mimi, inshallah. Hotelini huajiri, na nimeshamtaja jina lake kwa mkuu wangu. Aanze na cheti cha tabia njema na chanjo ya homa ya manjano. Gharama hizo natuma Ijumaa, kwa simu yako wewe, si ya Ami.

Lakini nijibu hili leo, usingoje kesho: pasipoti ya Omari iko nyumbani, au ameshampa yule ajenti?

Wasalaam,
mwanao Bakari