Taarifa ya mwenyekiti mwaka 2024 (na lile suala la grupu)

Ndugu wauguzi wanachama, habari za shifti. Najua wengine mnasoma mkiwa naiti, sitawachosha. Siku ya Wauguzi 12 Mei tuliadhimisha, wagonjwa tuliwaona, misiba tulichangia, mikutano miwili ilikaa, yote mnayajua.

Niende kwenye hili linalosemwa kwenye korido, kwamba mwenyekiti kafunga grupu la mafunzo, maadmini tu ndio wanapost. Ndiyo nimefunga na ningefunga tena. Mnakumbuka ule usiku sista mmoja wa leba kauliza dozi ya magnesiamu kwa mama mwenye kifafa cha mimba, swali likazama chini ya michango ya sendofu na "amina" sijui ngapi, halafu mtu akafowadi dozi ya ajabu haina hata chanzo, watu wakaanza kuweka dole gumba! Mpaka inchaji alipoamka saa kumi na moja akaandika ya kwenye mwongozo, gramu 4 mshipani taratibu, 10 kwenye msuli, tano kila tako. Mama alishapewa dozi sahihi zamani, sista aliisoma kwenye chati ya ukutani. Grupu letu halikumsaidia kitu.

Halafu ile picha. Kidonda cha kisukari, somo zuri tu, ila pembeni faili linasomeka jina na namba. Nampigia aliyeiweka aifute ananiambia "mwenyekiti si tuko wenyewe kwa wenyewe". Wenyewe kwa wenyewe tuko 187, na simu zenu watoto wanachezea gemu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, likibumbuluka nitakayeitwa ni mimi.

Siku hizi utaratibu wa grupu ni Jumanne saa mbili usiku, somo moja, voisi isiyozidi dakika 5, maswali nusu saa tunafunga. Wazo nililitoa mimi, sio kamati, japo sitafuti sifa. Tumefanya masomo 31, la PPH (kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua) liliongoza kwa maswali, hasa oksitosini, dawa ya kuzuia damu hiyo, kukaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8. Anayesema mafunzo yamekufa anieleze mbona waliosoma wanafika 150 halafu wanaojibu ni wale wale tisa.

Na ada. Kati ya 187 mmelipa 64, elfu ishirini ishirini, jumla 1,280,000. Misiba 600,000, bando za wanaofundisha 310,000, chai ya mikutano 145,000, imebaki 225,000. Mkutano wa pili walikuja 23, chai ilibaki tukawapelekea walinzi. Ila mtu akienda kuhuisha leseni Baraza la Wauguzi na Wakunga likamuuliza CPD, yaani mafunzo endelevu ya kitaaluma, ndio ananikumbuka, saa nne usiku "mwenyekiti naomba cheti". Cheti cha nini ndugu yangu, rejista ya mahudhurio hukusaini hata mara moja.

Mwakani Mungu akijalia tutaona kama masomo yetu yanaweza kutambulika, na projekta pia ikiwezekana. Grupu kufunguliwa, tutaongea, ila tutaongea na waliolipa. Mhazini yupo wodi ya wazazi kila Ijumaa mchana, kitabu cha risiti anacho.