“Argentina, 1985” si sinema ya Ocampo, ni ya mashahidi

Mhariri,

Tangu niitazame filamu ya “Argentina, 1985” nimekuwa nikiwahimiza watu waitafute, na jibu ninalopata ni lile lile: “Ah, ile sinema ya Ocampo!” Ni kweli Luis Moreno Ocampo yumo. Ndiye yule yule aliyekuwa kiongozi wa mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, kule Hague, na ambaye Desemba 2010 alitaja washukiwa sita wa ghasia zilizofuata uchaguzi wetu wa 2007 hapa Kenya, jina lake likawa midomoni mwa kila mtu kuanzia bungeni hadi kwenye matatu. Katika filamu hii, iliyoongozwa na Santiago Mitre na kutolewa 2022, inayosimulia kesi ya makamanda wa kijeshi waliotawala Argentina, Ocampo bado ni kijana, naibu wa kiongozi wa mashtaka Julio Strassera. Lakini Mkenya anayeitazama kwa ajili ya Ocampo peke yake ataikosa filamu yenyewe. Wenye filamu hii ni mashahidi.

Kwa wasioijua habari hii, tarehe 24 Machi 1976 wanajeshi walimpindua Rais Isabel Perón. Jenerali Jorge Videla wa jeshi la nchi kavu, Emilio Massera wa jeshi la wanamaji na Orlando Agosti wa jeshi la anga wakashika nchi. Kwa miaka saba watu walichukuliwa majumbani, kazini na barabarani na wanaume wenye silaha waliovaa kiraia. Jamaa zao walipokwenda kuuliza katika vituo vya polisi waliambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Kulikuwa na vituo vya siri vya kuzuilia watu yapata 340 nchini kote. Kimojawapo kilikuwa ndani ya shule ya mafundi ya jeshi la wanamaji, ESMA, mle mle katika jiji la Buenos Aires, pembeni mwa barabara kuu inayopita magari mchana kutwa. Baadhi ya waliofungwa humo walidungwa sindano za usingizi, wakapakiwa kwenye ndege na kutupwa majini wakiwa hai. Tume iliyoongozwa na mwandishi Ernesto Sábato iliorodhesha karibu watu 9,000 waliotoweka. Mashirika ya haki za binadamu husema walifika 30,000.

Wanajeshi waliondoka Desemba 1983, baada ya kushindwa na Uingereza katika vita vya visiwa vya Falkland. Rais mpya, Raúl Alfonsín, aliagiza makamanda washtakiwe. Kesi ilipelekwa kwanza mbele ya mahakama ya kijeshi, nayo ikasuasua na kuwatetea wenzake. Ndipo mahakama ya kiraia ikaichukua, na kuanzia tarehe 22 Aprili 1985 makamanda tisa waliowahi kutawala nchi wakaketi mbele ya majaji sita wasiovaa magwanda.

Filamu inaonyesha vizuri jinsi Strassera alivyokosa watu wa kumsaidia. Mawakili wazoefu walimkwepa, wengine kwa woga na wengine kwa sababu waliwaunga mkono wanajeshi. Akabaki na vijana ambao hata hawajazoea kupanga faili, na hao ndio waliotumwa kila pembe ya nchi kutafuta watu walio tayari kusema. Wapo waliolalamika kwamba filamu ina vichekesho vingi mno kwa jambo zito kama hili. Mimi sikuona tatizo hapo. Familia ya Strassera inatishwa kwa simu usiku na mchana, na nyumba yenye watoto haiachi kucheka hata siku hizo.

Halafu anaingia Adriana Calvo. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha La Plata, akachukuliwa nyumbani mwaka 1977 akiwa na mimba ya miezi kadhaa. Uchungu ulipomshika akiwa kizuizini, walimtia kwenye gari. Alikuwa amefungwa kitambaa machoni na mikono imefungwa mgongoni. Akawaambia anajifungua, nao wakaendelea na safari. Mtoto alizaliwa kwenye kiti cha nyuma, akaanguka akining’inia kwa kitovu, huku mama yake akiwasihi wampe mwanawe na wao wasimpe. Alikuwa msichana. Mama huyu alisimulia haya yote mahakamani kwa mpangilio, saa, mahali, nani alikuwa mbele na nani kando, kama mtu wa sayansi anayetoa ripoti. Filamu haimpambi kwa muziki. Inamwacha aseme. Baada ya ushahidi huo, mamake Ocampo, aliyetoka katika ukoo wa wanajeshi na aliyekuwa akisali kanisa moja na Videla, anampigia mwanawe simu, na msimamo wake umegeuka.

Mashahidi 833 walitoa ushahidi katika kesi ile. Walifanya hivyo wakati maafisa wengi waliowatesa bado wako kazini, na bastola bado ziko viunoni mwao. Na nchi haikuwasikia vilivyo. Televisheni ya taifa ilirekodi kesi yote lakini ikawa inaonyesha dakika tatu tu kwa siku, tena bila sauti. Hata kamera ziliwekwa nyuma ya mashahidi, hivi kwamba anayetazama leo picha zile huona migongo yao na nyuso za majaji. Mwaka 1988, majaji wale walipohofia kwamba kanda zingeweza kuharibiwa, walisafirisha nakala 147 hadi Oslo, zikahifadhiwa na bunge la Norway. Ushahidi wa raia wa Argentina ulilazimika kukimbilia Ulaya kama mtu anayetafuta hifadhi!

Nina lawama moja kwa filamu hii, na ni kubwa. Inaishia pale hukumu ya Desemba 1985 inapotoka: Videla na Massera kifungo cha maisha, watatu vifungo vya miaka, wanne wakaachiliwa. Mtazamaji anainuka akidhani haki imetendeka na mambo yamekwisha. Hayakwisha. Mwaka 1986 na 1987 bunge lilipitisha sheria mbili zilizofunga mlango wa kesi nyingine na kuwakinga maafisa wa chini kwa hoja kwamba walitii amri. Mwaka 1990 Rais Carlos Menem akawasamehe Videla na Massera, wakarudi makwao. Waliotoa ushahidi wakaishi mji mmoja na waliowatesa, wakikutana nao madukani na kwenye mabasi. Sheria zile hazikubatilishwa na bunge hadi 2003, na Mahakama ya Juu ikasema 2005 kwamba zilikuwa kinyume cha katiba. Videla alikufa gerezani 2013 kwa sababu watu, na hasa akina mama wa waliotoweka, waliofunga vitambaa vyeupe kichwani na kuzunguka uwanja wa Plaza de Mayo kila Alhamisi tangu 1977, walikataa kuchoka.

Na mashahidi wao? Tarehe 18 Septemba 1985 Strassera alihitimisha hoja zake kwa kuwataka majaji mambo haya yasitokee tena kamwe. Tarehe hiyo hiyo mwaka 2006, fundi mwashi mzee aitwaye Jorge Julio López, aliyekuwa ametoa ushahidi dhidi ya afisa wa polisi Miguel Etchecolatz, alitoweka mjini La Plata. Siku hiyo alitarajiwa mahakamani kusikiliza. Hajaonekana mpaka leo. Alitekwa mara ya kwanza chini ya jeshi, na mara ya pili alitoweka chini ya serikali iliyochaguliwa.

Hapo ndipo Wakenya tunapohusika zaidi ya jina la Ocampo. Sisi tulikuwa na watu zaidi ya 1,100 waliouawa, na kesi zikapelekwa mbali. Mashahidi waliitwa kwa nambari badala ya majina, na bado wengine walijiondoa au wakakana maneno yao. Desemba 2014 kiongozi wa mashtaka aliondoa kesi moja akisema ushahidi hautoshi. Aprili 2016 kesi ya mwisho ikasitishwa, na mmoja wa majaji akaandika kwamba mashahidi walikuwa wameingiliwa. Siandiki hapa kusema nani alikuwa na hatia, maana hakuna aliyehukumiwa. Nasema tulibishana miaka sita kuhusu washukiwa, kwenye mikutano ya hadhara, makanisani na misikitini, na mashahidi tukawajadili kana kwamba wao ndio waliofanya kosa. Katika Argentina ya 1985 pia walikuwapo waliowaita waongo na waliolipwa. Tofauti ni kwamba walisikilizwa nyumbani, kwa lugha yao, katika jiji walimoteswa wengi wao.

Ombi langu ni kwa vituo vyetu vya televisheni. Miaka nenda miaka rudi mmetuletea tamthilia za Mexico, Ufilipino na Uturuki, na jirani zetu Tanzania wamezoea kuziingizia sauti za Kiswahili fasaha kabisa. Wazee wanazifuata hadi wanajua nani ni shemeji wa nani katika familia za Istanbul. Filamu hii nayo inaweza kuingizwa sauti za Kiswahili. Kwa sasa inatazamwa na mwenye intaneti ya kutosha, mwenye kadi ya kulipia, na anayeweza kusoma Kiingereza chini ya kioo kwa haraka. Aliyechomewa nyumba Kisumu au Eldoret na asiye na hivyo vitatu hana njia ya kuiona.

Nawe Mhariri, magazeti yetu yalifuatilia Hague siku baada ya siku, kwa hiyo waandishi wanaoelewa kesi za namna hii wapo. Wapewe kurasa chache. Waanze na Adriana Calvo, ushahidi wake uchapwe kwa Kiswahili kama alivyoutoa mbele ya majaji, bila kufupishwa.

Msomaji wako,
Likoni, Mombasa