Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: njia ya kwenda mahakamani iandikwe isifungike

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Naandika kutoka Mbagala, ambako nafanya kazi ya usaidizi wa kisheria. Wanaokuja kwetu hawaji na ibara mkononi. Huja mama lishe ambaye vyombo vyake vimebebwa na mgambo, kijana ambaye kaka yake yuko mahabusu siku ya nne hajafikishwa kwa hakimu, mzee aliyebomolewa nyumba na hajui fidia yake imeishia wapi. Wote huuliza jambo lilelile: nikionewa na mwenye mamlaka, naenda wapi?

Kila mjadala wa Katiba mpya unapoibuka, nasikia habari ya Muungano wetu uwe wa Serikali mbili au tatu, na madaraka ya Rais. Ni mambo mazito, sibishi. Ila hayo madaraka mtayapunguza kwenye karatasi, na yatakuwa vilevile ikiwa mwananchi wa kawaida haruhusiwi kuyahoji mbele ya jaji.

Historia yetu inaonyesha hivyo. Katiba ya mwaka 1977 ilipoanza haikuwa na sura ya haki za msingi. Haki hizo ziliingizwa kwa Mabadiliko ya Tano ya mwaka 1984, na hata hapo Serikali ikajipa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake, kwa hiyo hadi Machi 1988 hakuna aliyeweza kuzidai haki hizo mahakamani. Zilikuwepo, zimechapishwa, na hazikumsaidia mtu yeyote aliyekuwa mahabusu.

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua shauri la Daudi Pete, mshtakiwa wa unyang'anyi aliyenyimwa dhamana kwa sababu tu sheria ilisema kosa lake halina dhamana. Mahakama ikasema sehemu hiyo ya sheria inakiuka Katiba. Hakuwa mbunge wala tajiri. Alikuwa mshtakiwa, na Katiba ikamsikiliza. Nawasimulia vijana wetu shauri hilo mara kwa mara, maana wengi wanaamini Katiba ni ya wanasiasa.

Halafu kuna shauri la Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, ambalo naomba ulitafakari kwa utulivu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vifungu vya 13 na 17, iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kuipinga, akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi huo Oktoba 2019. Yeye mwenyewe hakuwa binti aliyeozwa. Aliwasemea wasioweza kusema. Mtoto wa miaka 15 aliyekwishaozwa atapata wapi nauli, wakili na ujasiri wa kumshtaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali?

Haikupita hata mwaka mmoja. Mwaka 2020 Bunge likaifanyia mabadiliko Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, likamtaka anayefungua shauri la haki za msingi aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Kwa kipimo hicho, Gyumi angerudishwa nyumbani. Ibara ya 26(2) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba, lakini inasema afuate utaratibu uliowekwa na sheria, na hapo ndipo haki yenyewe inapominywa. Sheria ya kawaida hupita kwa wingi wa kawaida wa kura. Hata mahakama ikiikosoa, Bunge lijalo linaweza kuleta nyingine.

Wala si jambo geni. Mwaka 1994, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Kahwa Lugakingira aliamua kuwa mgombea binafsi, asiyesimamishwa na chama, ana haki ya kugombea. Bunge likaibadili Katiba kuuziba uamuzi huo. Ndiyo maana siombi maneno matamu zaidi katika sura ya haki. Naomba maneno ambayo mwenye wingi bungeni hawezi kuyazunguka.

Lipo pia la Ibara ya 41(7). Uchaguzi wa diwani wa kata yangu unaweza kupingwa mahakamani, na wa mbunge wangu vilevile. Wa Rais, Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuuchunguza. Yaani cheo kinapokuwa kikubwa ndivyo ukaguzi unavyotoweka. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo Arusha, ilisema Julai 2020 kuwa ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikwishapendekeza matokeo ya urais yaweze kupingwa, kwa hiyo hamtaanza na ukurasa mtupu. Jirani zetu wa Kenya walifuta uchaguzi wa Rais mahakamani mwaka 2017, wakapiga kura upya, na nchi yao ipo.

Ninachoomba, Mheshimiwa: Katiba yenyewe itamke kwamba mtu yeyote anaweza kufungua shauri kwa niaba ya mwingine au kwa maslahi ya umma, kama Ibara ya 22 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inavyotamka, na isiachie sheria ya Bunge kuweka masharti ya nani asikilizwe. Ibara ya 41(7) iondoke. Na sura ya haki za msingi isibadilishwe bila kura ya maoni ya wananchi, maana theluthi mbili ya wabunge, kama inavyotakiwa na Ibara ya 98, imeshathibitika kuwa kizuizi chepesi chama kimoja kinapolijaza Bunge.

Mtakapokusanya maoni Dar es Salaam, msiishie kwenye kumbi za Posta, katikati ya jiji. Njooni Mbagala, siku ya kazi, mchana, mama lishe akiwa bado barazani kwake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msaidizi wa kisheria,
Mbagala, Dar es Salaam