Fernandes ya kwetu ina s

Shoga yangu,

Za siku nyingi? Najua bado unanidai jibu, ulivyoniuliza siku ile kwenye daladala eti hili jina langu la Fernandes ni la Mreno gani, basi mwezi mzima nimekaa na cheti cha ubatizo cha babu na kumsumbua binamu yangu wa Goa, kule India kwa mababu zetu, usiku na mchana.

Jina kumbe la kizamani mno. Fernandes ni mtoto wa Fernando, sawasawa na ile bin ya Juma bin Ali, na Fernando waliliacha Wagothi, watu wa asili ya Kijerumani waliotawala huko Hispania na Ureno mpaka Waislamu walipoingia 711. Kipande cha mwisho cha Fernando maana yake ujasiri, nimekipenda. Wahispania wanaandika Fernández, halafu f ya mwanzo kwao ikageuka h, na h yenyewe haitamkwi tena, ndo wakatoka kina Hernández waliojaa Mexico. Wareno wakabaki na s. Ndo maana niliumia nilivyoandikiwa z kwenye pasi, nikaambiwa si ni lilelile tu dada, wakati kwenye cheti cha babu padri kaiweka s kwa wino wa kahawia, mkia kaukunja kama ndoana.

Ila damu ya Mreno sijaiona shoga. Goa Wareno waliichukua 1510, wilaya za jirani za Bardez na Salcete wakazipata 1543, wakawa wanabatiza wenyeji, na ukibatizwa unapewa jina la padri au la msimamizi wako, yaani ndugu wa tumbo moja mmoja anaweza kutoka Fernandes mwingine de Souza! Sasa Lisbon nikamtafute nani, kila Fernando aliyepata mtoto alizalisha kina Fernandes wake. Ukoo wenyewe uko kwenye vangor, ndo makundi ya wenye kijiji, wanaandikishwa baba kwa mwana kwenye vitabu vya kijiji. Binamu kanitumia picha za kurasa, na kwenye vangor yetu tuko pamoja na kina Pinto.

Nimelia kweli. Maana unawajua kina Pinto wa nyumba ya tatu, nao kwao ni kijiji hichohicho, miaka yote tunapeana bebinka, ile keki ya Kigoa ya tabaka tabaka, Krismasi na hatujawahi kuitana ndugu.

Jumapili baada ya misa nampelekea mama Pinto hizo picha, twende wote basi, na uje na ile simu yako yenye kamera nzuri.

Wako wa siku zote