Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mashabiki wa Mpira wa Busia, Januari 2026

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama mliofunga meza sokoni mapema, na vijana wa boda boda mlioacha abiria ili mje hapa: asanteni. Najua tumebanana. Ukumbi tuliouzoea umechukuliwa na watu wa kampeni, na kura ya uchaguzi mkuu wa Uganda ni Alhamisi ijayo. Kwa hiyo naomba leo rangi za vyama zibaki nje: nyekundu iwe ya Liverpool au Arsenal, na njano iwe ya klabu ya KCCA. Zaidi ya hapo tukutane kituoni.

Hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe. Niseme tu kwamba kamati ilijadili kupandisha ada, ikaona hali ya biashara hapa mpakani, ikaacha. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi kama zamani, na wanaodaiwa wanajijua.

Jambo kubwa la mwaka lilikuwa CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, mwezi wa Agosti. Kwa sisi wa Busia, uwanja wa Namboole hauna visingizio: uko barabara ya Jinja, unaufikia kabla hujaingia kwenye foleni za Kampala. Waliokuwapo tarehe 18 Agosti hawahitaji kusimuliwa. Afrika Kusini walikuwa mbele 3-1 na watu wameanza kutafuta viatu. Ikaja penalti, Allan Okello akafunga. Ikaja nyingine katika dakika za nyongeza, Rogers Torach akafunga. Tatu kwa tatu. Sisi tukaongoza kundi, wao wakafunga mizigo. Senegal walitutoa robo fainali kwa bao moja, nalo tulilimeza kiungwana.

Sasa nije kwenye kitabu cha malalamiko. Mnajua kila kibanda chetu cha kutazamia mpira kina daftari ambalo mwanachama anaandika kinachomkera, na katibu hulisoma kila mwezi. Mwaka huu kurasa nyingi kupita zote ni za marefa na VAR, ile mitambo ya video ya kumsaidia refa. Lakini tarehe 18 Agosti ukurasa ni mweupe. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba penalti mbili za mwishoni ni nyingi mno. Desemba kule Morocco, kwenye AFCON, tulipotoka 1-1 na Tanzania, daftari lilijaa mpaka jalada la nyuma. Kuna mwanachama ameandika kwamba VAR ilituibia. Ndugu yangu, penalti ya dakika za nyongeza tulipewa, na mpira ukapaa juu ya goli. Mashine haikupiga ile penalti.

Nikisema hivyo sina maana kwamba malalamiko yote ni ya ushabiki. Nimeyasoma yote, na ukiondoa matusi na hasira za waliopoteza beti (chama hakisuluhishi beti, na kwa sheria ya Uganda aliye chini ya miaka 25 hata haruhusiwi kucheza), linabaki jambo moja ambalo nadhani ni la haki kabisa. Watu hawaelezwi. Bao limeingia, kibanda kimeruka, soda zimemwagika, kisha refa anashika sikio. Dakika zinakwenda. Aliyelipa kuingia uwanjani anajua kidogo kuliko aliye nyumbani na runinga, na wa nyumbani naye anabahatisha. Mwishowe mkono unaonyesha kuotea, na hakuna anayesema ni bega la nani.

Kumbukeni bao la Luis Díaz dhidi ya Tottenham, tarehe 30 Septemba 2023. Picha ilikuwa sahihi: hakuwa ameotea. Tatizo ni kwamba waliokaa chumba cha video walidhani refa uwanjani amelikubali bao, wakamwambia ukaguzi umekwisha, naye kumbe alikuwa amelikataa. Mpira ukaanzishwa upya, na kwa mujibu wa sheria hapo hapakuwa na kurudi nyuma. Liverpool walifungwa 2-1. Kamera zote zile, na mechi ikaharibiwa na watu wawili wasioelewana kwa maneno. Tungekuwa tunawasikia wakati ule ule, kibanda kizima kingepiga kelele kuwarekebisha.

Bara letu lina kisa kibaya zaidi. Mei 2019, mechi ya pili ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Esperance ya Tunisia na Wydad ya Morocco, mjini Radès. Wydad wanasawazisha, bao linakataliwa, wanadai likaangaliwe kwenye VAR, na VAR haifanyi kazi. Wakagoma kuendelea. CAF, shirikisho la mpira la Afrika, wakaamua mechi irudiwe, mahakama ya michezo CAS ikautengua uamuzi huo, na kombe likabaki kwa Esperance. Kila nikisikia mtu anasema teknolojia imeleta haki, nauliza kwanza kama imechomekwa kwenye umeme.

Hapo ndipo linaingia pendekezo mlilolileta wanachama wa upande wa soko kuu, kwamba chama kiandikie FUFA, shirikisho la mpira la Uganda, barua kudai VAR katika Ligi Kuu ya Uganda. Kamati imegawanyika, nami nasema wazi kwamba silipendi. VAR kamili inataka kamera nyingi, chumba, mitambo na marefa wa ziada waliofundishwa, katika ligi ya timu 16 ambayo viwanja vyake vingine havina hata taa. Tutanunua malalamiko ya Uingereza kwa bei ya Uingereza.

Kuna njia nyingine ambayo FIFA waliijaribu 2024 kwenye mashindano ya wasichana ya dunia kule Colombia, inaitwa FVS. Hakuna refa wa video. Kila kocha ana nafasi mbili za kudai tukio liangaliwe. Anamwomba refa, refa mwenyewe anakwenda kwenye skrini, anaamua. Kocha akiwa sahihi, nafasi yake inabaki. Kamera chache zinatosha. Na shabiki anaelewa kinachoendelea, kwa sababu amemwona kocha akidai na refa akienda. Naomba barua yetu, kama itaandikwa, idai hiyo, na idai refa atangaze uamuzi kwa kipaza sauti. England wameanza kutangaza Januari 2025, kwenye nusu fainali ya Kombe la Carabao. Kipaza sauti Busia tunacho hata cha kuuzia dawa ya panya.

Barua yenyewe itafika wapi? Hilo nalo liko kwenye daftari, na aliyeandika ana akili. Sheria za mpira zinabadilishwa na IFAB, bodi yenye kura nane: FIFA wana nne, na England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana moja moja. Zinatakiwa kura sita kupitisha jambo. Afrika yenye vyama vya mpira 54 haina kura yake pale. Mwaka 2024 klabu ya Wolves ilitaka VAR iondolewe Ligi Kuu ya England, klabu zikapiga kura, zikakataa, ikawa 19 kwa 1. Mashabiki hawakuulizwa. Norway mashabiki walirusha kababu za samaki uwanjani Julai 2024 hadi mechi ya Rosenborg ikavunjwa, na bado mkutano wa shirikisho ukaibakiza VAR mwaka uliofuata. Sweden peke yao ndio wamefaulu, na si kwa kurusha kitu. Kule wanachama wanashikilia zaidi ya nusu ya kura ndani ya klabu, wakahudhuria mikutano, wakaziamuru klabu zao zikatae. Zikakataa.

Sisi klabu zetu tunazipenda tu, hatuna kadi wala kura. Ndiyo maana mwaka 2019, FIFA walipomfungia rais wa FUFA, Moses Magogo, miezi miwili na kumtoza faranga 10,000 za Uswisi kwa kuuza upya tiketi za Kombe la Dunia la 2014, shabiki wa Uganda alisoma habari gazetini kama mtu wa mbali. Na AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Tanzania. Tiketi zitauzwa tena.

Kwa hiyo kamati inaleta maazimio mawili. La kwanza ni hiyo barua, kwa sura niliyoieleza. Wanaotaka VAR kamili watapewa nafasi ya kujibu kabla ya kura, na wasizomewe. La pili ni kubadili katiba yetu, mwenyekiti na kamati wasizidi vipindi viwili. Mimi hiki ni cha pili, hivyo mkilipitisha mnanipumzisha. Kura ni kwa kuinua mkono na kadi iliyolipiwa. Katibu atahesabu, na mwanachama mmoja kutoka kila kibanda atasimama karibu naye wakati anahesabu.